Asitoke Mtu Pasi na Pasi

Hapo zamani, katika siku ambazo mtu alijulikana kwa sauti yake tu akibisha hodi, palikuwa na mji uitwao Barawanga, nao ulitawaliwa na Sultani Mahfudhi. Hakuwa mtu mbaya. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba alipenda kuheshimiwa kuliko alivyopenda kula, naye alipenda kula sana.

Basi ikawa Idi moja watu wengi wa Barawanga walifunga safari kwenda nchi ya Fumbwe, mwendo wa siku moja kwa miguu, kula sikukuu kwa wazee wao, maana karibu watu wote wa mji asili yao ni huko. Sultani akakaa katika baraza la Idi, amevaa joho, akangoja watu waje kumpa mkono, na hakuja mtu ila Waziri Ghalibu. Wakala halua wawili wao, wakatazamana, wakala tena. Jambo hilo lilimchoma Sultani moyo, na mkubwa akichomwa moyo, wanaopata malengelenge ni wadogo.

Mwaka uliofuata, Ramadhani ikielekea ukingoni, mpiga mbiu akazunguka mitaani na pembe yake, akanadi: "Enyi watu wa Barawanga! Amri ya Sultani! Asitoke mtu pasi na pasi, wala asiingie mtu pasi na pasi, awe mkubwa, awe mdogo!" Watu wakadhani ameshikwa na kigugumizi, ikambidi aeleze kwamba hiyo pasi ni cheti kipya cha safari, nacho hutolewa na Waziri. Mshona kanzu mmoja ambaye hakungoja maelezo alifika langoni na pasi yake ya makaa, tena ina moto, akarudishwa nayo.

Kukipata cheti chenyewe kulikuwa na masharti, na masharti aliyatunga Waziri, mtu ambaye usingizi wake ulikuwa mtamu zaidi kila alipomkatalia mtu haja yake. Mwombaji aandikwe sura yake yote, kovu na kipara, naye asicheke anapoandikwa, kwa sababu uso unaocheka hubadilika. Tena pasi iwe na uhai wa miezi sita mbele ya siku ya kusafiri, na pasi za Waziri ziliishi miezi mitatu. Lakini sharti lililowashinda watu hasa lilikuwa la shahidi: aje mtu aliyekuwapo siku mwombaji alipozaliwa, aape kwamba huyu ndiye yule. Na atakayeshuhudia ilhali hakuwapo, achapwe fimbo kumi na mbili.

Katika mji huo alikuwapo Sadala bin Shomvi, fukara wa kutupwa, hana shamba, hana duka, ana ulimi. Mama yake, Bi Mize, aliishi Fumbwe, na macho yake yalikuwa yakififia mwaka hata mwaka. Siku zile alimtumia mwanawe salamu kwa wauza chumvi, akasema, "Mwambieni Sadala aje Idi hii, nimwone ningali naona." Sadala alipozipata salamu hizo alilia, naye hakuwa mtu wa kulia. Kisha akanawa uso, akaenda barazani kuomba pasi.

Waziri akamwuliza, "Waitwa nani?"

"Sadala bin Shomvi, Bwana Waziri. Jana ulinisalimu kwa jina."

"Jana sikuwa kazini. Shahidi wako nani?"

"Mama yangu. Siku hiyo alikuwapo, tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Mlete."

"Yuko Fumbwe. Nipe pasi nikamlete."

"Lete shahidi nikupe pasi."

"Shahidi yuko Fumbwe, Bwana Waziri."

"Basi kamlete."

"Nipe pasi."

Sultani alikuwa akisikiliza juu ya kiti chake, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akasema, "Ewe Sadala, siku zote wewe hupati kushikwa, leo umepatikana. Haya, nithibitishie mbele ya watu hawa kwamba wewe ndiwe Sadala. Ukishindwa, kwa amri yangu wewe si Sadala, na neno langu halirudi nyuma."

Sadala akawatazama waliokuwapo. Hapakuwa na hata mmoja asiyemjua. Wengine walicheza naye wakiwa uchi wa utotoni. Kila mmoja akainama kutazama viatu vyake, kwa kuwa fimbo kumi na mbili ni nyingi.

"Nimeshindwa, Maulana," akasema Sadala. "Mimi si Sadala."

"Mmesikia?" akasema Sultani, amefurahi sana.

"Basi, Maulana, mimi ni nani?"

Waziri akadakia, "Hujulikani."

"Na mtu asiyejulikana akikutwa ndani ya mji, sheria yasemaje?"

Waziri Ghalibu hakupata kuulizwa sheria akanyamaza. Akafumba macho, akaisoma kwa moyo: "Asiyejulikana asilale mjini. Hutolewa siku ile ile, akapelekwa kwao chini ya ulinzi wa askari wawili, na chakula cha njiani ni juu ya hazina."

"Ahsante," akasema Sadala. "Kwetu ni Fumbwe, nyumba ya pili ukipita kisima. Mkibisha atafungua bibi mmoja mzee."

Sultani akasimama, akapiga kelele, "Mlaghai wewe! Nimeamuru asitoke mtu pasi na pasi!"

"Maulana, mimi sitoki," akajibu Sadala kwa adabu. "Anayetoka hutoka kwa miguu yake na hiari yake. Mimi ninatolewa. Amri yako imekataza kutoka, haikukataza kutolewa. Ama ukiniamuru nibaki, basi mimi ndimi Sadala, na neno lako limerudi nyuma."

Sultani akamgeukia Waziri, na Waziri akatazama dari kana kwamba panavuja. Basi ikawa hapana la kufanya. Sadala akatolewa Barawanga pasi na pasi, amepandishwa punda wa Serikali, askari huku na huku, mmoja wao amembebea kapu la maandazi.

Habari hiyo haikulala. Kesho yake kulipokucha, watu walikuwa wamejipanga toka mlango wa baraza mpaka sokoni. Kinyozi wa mji akaingia, akasema, "Maulana, mimi si kinyozi, na mwenyewe simjui." Mpiga mbiu akasema hajapata kuiona pembe ile maishani mwake. Mpishi wa Sultani akaja na upawa mkononi, akaapa kwamba yeye hajui kupika, na katika hilo wengi walikuwa tayari kumshuhudia. Wote hawakujulikana, na wote kwao ni Fumbwe. Ilipofika adhuhuri, askari wote walikuwa njiani wakiwasindikiza wasiojulikana, na mtunza hazina alikuwa akilia na hesabu ya maandazi.

Mwisho wa msururu alisimama mwanamke amejitanda shuka. Akasogea mbele ya kiti, akafunua uso, naye alikuwa Bibi Zawena, mke wa Sultani.

"Maulana, mimi sijulikani," akasema.

"Zawena! Umeingiwa na nini?" Sultani akawageukia watu. "Huyu ni mke wangu! Mimi mwenyewe namjua!"

Waziri akakohoa. "Samahani, Maulana. Ulikuwapo siku ya kuzaliwa kwake?"

Sultani akamkazia macho Waziri.

"Bwana wangu," akasema Bibi Zawena, "kila Idi nakaa nyuma ya pazia nikisikiliza watu wakikupa mkono. Mimi nami nina mama huko Fumbwe, naye ana mikono. Nitoe."

Basi kumtoa ikawa lazima, na askari hakusalia hata mmoja. Sultani alikuwa mtu mwenye wivu, hakukubali mkewe afuatane na mwingine, akachukua mkuki, akawa askari yeye mwenyewe. Sheria ilitaka wawili, lakini alijiona ni sawa na wawili. Akamwachia Waziri mji, akamsindikiza mkewe mpaka Fumbwe. Idi hiyo alikula pilau juu ya jamvi nyumbani kwa mkwewe, akaambiwa asogee awapishe wakubwa, akasogea. Hakumwambia mtu, lakini alilala usingizi mzuri.

Bibi Zawena akaomba kubaki kwa mama yake siku chache, na Sultani akarudi peke yake, vumbi mpaka kopeni. Alipofika Barawanga akalikuta lango limefungwa, na bawabu, jina lake Feruzi, amekaa juu ya ukuta.

"Fungua, Feruzi!"

"Pasi," akasema bawabu.

"Pasi gani? Mimi ni Sultani!"

"Amri imesema mkubwa na mdogo. Nikimwingiza mtu pasi na pasi, kichwa changu halali yenu. Nakipenda."

Akaitwa Waziri, akaja juu ya ukuta, karatasi za sheria kwapani. Sultani akapaza sauti, "Ghalibu, mwambie mimi ni nani!"

Waziri akatoa salamu nzuri sana. Akasema, "Maulana, ningekushuhudia, bali mimi ni mdogo kwako kwa umri, siku ya kuzaliwa kwako sikuwapo. Nitachapwa."

"Aliyeitunga amri hiyo ni mimi!"

"Aliyeitunga ni Sultani Mahfudhi," akasema Waziri. "Na kama wewe ndiye, hilo ndilo linalotafutwa."

Sultani akakaa chini juu ya jiwe. Jua lilikuwa kali, na kwa mara ya kwanza aliona huruma kwa watu waliowahi kukaa hapo. Akiwa katika hali hiyo akatokea Sadala, naye anarudi kutoka Fumbwe kwa miguu. Akaamkia, akaelezwa mkasa wote, akaufikiri.

"Maulana, wewe usiingie," akasema. "Ingizwa." Akachutama, akampa mgongo.

Sultani akatazama kushoto na kulia, kisha akapanda. Sadala akainuka naye, akaenda mpaka langoni. Feruzi akasema, "Huyo wa juu sawa, haingii, anaingizwa. Na wewe wa chini?"

"Mimi ni kipando chake. Amri imetaka pasi kwa punda?"

Feruzi akamwuliza Waziri. Waziri akapekua karatasi zake zote, akakiri kwamba haikutaka. Lango likafunguliwa.

Wakapita mitaani namna hiyo, Sultani mgongoni mwa fukara, na watu hawakuthubutu kucheka, wakaingia majumbani mwao wakachekea huko. Walipofika karibu na msikiti, Sultani akainama sikioni mwa Sadala, akanong'ona, "Ulimkuta mama yako?"

"Nilimkuta, Maulana. Macho yamekwisha kuzimika. Nilichelewa siku chache."

Sultani akamshika bega. "Basi alijuaje kwamba ni wewe? Alikuuliza nini?"

"Nilibisha hodi tu. Aliniuliza kama nimekula."

Wakaenda hivyo mpaka barazani. Sultani aliposhuka, macho yake yalikuwa na maji, na wala hakuyaficha. Akamwita Waziri, akaamuru karatasi zile ziwashie jiko, na Sadala apewe yule punda wa Serikali, awe anakwenda kwa mama yake kila atakapo, wala asiulizwe. Kisha akaweka amri moja mpya, fupi, hata mpiga mbiu aliweza kuinadi bila watu kudhani ana kigugumizi.

Tangu siku hiyo, mgeni akifika lango la Barawanga, bawabu hamwulizi jina wala baba wala kovu. Humwuliza, "Umekula?" Na asiyekula huelekezwa nyumbani kwa Waziri Ghalibu, apakuliwe.