Mwiko wa Mayai ya Sechambo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kuku, tundu na mayai, na mtu mmoja wa kuyala.

Hapo kale alikuwako mtu akiitwa Sechambo. Alifuga kuku wengi. Kuku wakitaga, Sechambo huokota. Akiokota, huchemsha. Akichemsha, hula. Kazi nyingine sikusikia.

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa mja mzito. Mimba ya kwanza ilitoka. Hii ya pili ikamkausha: viganja vyeupe, kizunguzungu, miguu kama si yake. Chakula chake ugali na mlenda, ugali na mlenda.

"Mume wangu, nipe yai."

"Yai kwa mja mzito? Mtoto atatoka kipara!"

Kesho yake: "Nipe japo nusu."

"Nusu yai, nusu kipara!"

Mara ya tatu: "Basi nipe kiini tu."

"Kiini ndicho kipara chenyewe!"

Nyinyi mnacheka. Mwanahawa hakucheka, maana aliogopa kumpoteza na huyu. Mwiko ule kijiji kizima kiliushika. Ila mimi, tangu nizaliwe, sijasikia mwiko unaomkataza mwanamume kitu kitamu.

Siku moja, akiteka maji kisimani, Mwanahawa akashikwa na kizunguzungu, akaanguka chini. Wanawake wakampeleka kwa mkunga, Bi Sikudhani. Mkunga akamfunua jicho, akakuta ndani ya kope kweupe.

"Huna damu, mwanangu. Mtoto anajengwa kwa unachokula. Kifaranga ndani ya yai hapelekewi ugali wala maji, lakini hutoka na mifupa, nyama na macho. Vyote vimo mle mle. Kula mayai, na dagaa, na maharage, na mboga za majani."

"Na mwiko, Bibi?"

"Mwiko niachie mimi."

Wakaenda. Wakamkuta Sechambo na sahani ya mayai, ya moto, yamekwisha kumenywa.

"Sechambo, mwiko umeushika?"

"Nimeushika, Bibi! Hajaonja hata ute."

"Vizuri. Na wewe?"

"Mimi nina mimba?"

"Mimba ya nani hii?"

"Yangu!"

"Basi mtoto ni damu ya wawili. Mama akila, kipara. Baba akila, kipara. Weka mayai chini mpaka mtoto aote meno."

Sechambo akatazama sahani. Akamtazama mkunga. Akatazama sahani tena. Mate yakamjaa.

"Bibi, hivi mwiko huu si wa zamani? Siku hizi umekwisha."

"Umekwisha?"

"Umekwisha!"

"Sema majirani wasikie."

Akatoka uani, akapaza sauti: "Jamani, mwiko wa mayai umekwisha!"

"Haya," akasema mkunga, "mpishe mkeo akae."

Mwanahawa akaketi, akavuta sahani. Akala la kwanza. Akala la pili. Akala la tatu. Sechambo alimeza mate, lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tangu hapo Mwanahawa akala vizuri, rangi ikamrudia. Akajifungua mtoto wa kike, mzito, nywele tele, kilio chake kikasikika hadi kisimani. Mwanahawa akamkumbatia, akalia kwa furaha.

Sechambo naye akafurahi, akanyoosha mikono ampokee mwanawe.

"Ngoja kwanza," akasema Mwanahawa. "Nina njaa. Nenda kaokote, uchemshe, uniletee."

Akaenda.

Ngano yangu imetaga hapa. Aliyeipenda akaiatamie, asiyeipenda aniachie kiotani.