Kwa Nini Boga Hutolewa Bichi

Anayemenya majani aendelee kumenya. Masikio hayashiki kisu. Na msinibishie, kwa maana habari hii naijua.

Zamani boga lilikuwa siri ya nyumba. Kila ukoo hapa milimani ulikuwa na mbegu yake, nayo haikutoka nje. Jirani akija na njaa alipewa boga lililopikwa, akala, akafuta mdomo, akaenda zake. Mbegu zilizozidi zilitupwa motoni asije mtu akaziokota. Watu wazima na akili zao, wanachoma chakula ili jirani asivune kama wao.

Maboga matamu kuliko yote yalikuwa ya Bibi Kizumo. Aliyaponda na maharage, majani akayaunga kwa karanga, mbegu akazikaanga wazee wakatafuna jioni, na maganda wakala mbuzi. Hakuna kilichopotea kwake, na hakuna kilichotoka.

Mkamwana wake aliitwa Nambua, binti wa ng'ambo ya mto. Siku moja akiwa shambani, alifikiwa na Machaku, mjane jirani yao, aliyekuwa na watoto wenye njaa. Pale hapakuwa na moto wala chungu. Nambua akamkatia boga bichi, na kikonyo chake.

Bibi Kizumo aliposikia hakupiga kelele. Alimwambia Nambua arudi kwao, asikanyage tena pale bila zile mbegu. Mume wa Nambua alitazama miguu yake mwenyewe, asiseme neno. Nambua akakimbilia kwa Machaku, akakuta boga limeliwa na mbegu zimekwisha kupandwa. Akavuka mto analia, maana alimpenda yule mume bubu, na sasa ndoa yake ilikuwa imefukiwa ardhini.

Kabla ya msimu uliofuata, panya waliingia darini kwa Bibi Kizumo wakamaliza mbegu zote alizotundika juu ya moshi. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba. Kila nyumba ilimfanyia kama desturi ilivyotaka: ikampa boga lililopikwa. Alikula akashiba, lakini tumbo halipandwi.

Mwisho akafika kwa Machaku, akakuta maboga yamelala kila upande. Machaku alimkaribisha kwa heshima, ila hakugusa kisu. Alisema, "Mama, haya ni ya Nambua. Bila ruhusa yake sitoi hata moja."

Basi yule mama akavuka mto kwa miguu yake mwenyewe, akaketi chini mbele ya wazazi wa Nambua.

"Mwanangu, nimekuja kukuchukua," alisema. "Mbegu nazitaka, sikufichi. Lakini hata zisingeliwa na panya, nilikukosea."

Nambua akajibu, "Nitarudi, mama. Lakini jirani akija, nitampa bichi."

Bibi Kizumo akainamisha kichwa, akakubali.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu boga hutolewa zima na bichi, na aliyepewa hula lote akabakiza mbegu za kupanda. Ndiyo maana hakuna nyumba hapa isiyo na maboga. Na la kwanza la msimu huchumwa na mkamwana. Humpa amtakaye, na mama mkwe haulizi limekwenda kwa nani.