Bi Mwantumu Asikiliza Msiba Wake

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, kwa hiyo asije mtu kuniambia hii ni hadithi ya mababu, palikuwa na mama mmoja pale Kondoa, jina lake Bi Mwantumu. Mungu alimjalia watoto wanne. Mmoja, Bakari, alikufa. Watatu walikwenda ughaibuni. Katika mambo hayo mawili, kifo na ughaibuni, mimi sijui ni lipi lililomwondolea mama watoto zaidi.

Mkubwa, Swalehe, alikuwa Uingereza. Wa pili, Rukia, alikuwa Kanada. Wa tatu, Nasoro, alikuwa Maskati. Na msidhani walisahau kwao. Walikupenda kwao kupita sisi tunaokula vumbi lake. Walikuwa na grupu la simu lenye jina Damu Moja, watu sitini na watatu ndani, karibu wote wa ughaibuni, asubuhi maua, jioni dua, na katikati ya siku ugomvi wa nani hakuweka dua.

Swalehe alituma fundi akamtundikia mama kamera ukutani, sebuleni, ili yeye akiwa Uingereza amwone muda wowote. Rukia alifungua redio ya mtandaoni, Sauti ya Irangi Ughaibuni, maana Irangi ndiyo Kondoa yetu, nchi ya Warangi. Kila Ijumaa anawaeleza watu wa Kondoa waliotapakaa duniani jinsi mlenda wa mama unavyopikwa. Mlenda wenyewe hajautia mdomoni tangu apande ndege, eti unamteleza. Nasoro hakuwa na kamera wala redio. Kwenye grupu alisoma akanyamaza, miaka kumi na mmoja.

Nyumbani alibaki Mashavu, mjane wa Bakari. Alimwogesha mama, akampikia, akamsomea jumbe za Damu Moja. Ijumaa alimwekea redio, na Bi Mwantumu aliacha kila kitu akaisikiliza sauti ya bintiye, kwa sababu simu yenyewe Rukia hakupiga. "Si ananisikia redioni?" ndivyo alivyosema.

Basi, Jumatano moja Mashavu alimpeleka mama kwa daktari wa macho. Daktari akasema presha ya macho imeshakula sana. "Kufika mavuno, bibi, utakuwa unajua mchana na usiku tu."

Bi Mwantumu hakulia pale. Alilia njiani. Walipofika nyumbani akasema, "Mashavu, waandikie watoto. Waambie sitaki nguo, sitaki simu mpya. Nataka kuziona sura zao kabla sijafumba. Sura yenyewe, si ile ya kwenye kioo cha simu."

Mashavu akamkalisha kwenye kigoda, akamtengeneza mtandio mweupe, akampiga picha. Akaituma Damu Moja. Picha ikaenda. Akaanza kuandika habari ya macho, bando likakata.

Sasa nyie mnajua mambo yetu. Picha ya mzee haiwekwi kwenye grupu peke yake, bila neno. Picha ya mzee bila neno ni tangazo la msiba. Mashavu alijua pia, lakini alifikiri atakwenda dukani mara moja kununua vocha na kurudi. Duka la kwanza halikuwa na vocha. La pili mwenyewe alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri.

Aliporudi na kuunga bando, simu ilitetemeka mpaka akaiweka chini. Wa kwanza alikuwa Swalehe: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yangu, nguzo yangu." Wa pili alimfuata wa kwanza, wa tatu akamfuata wa pili. Watu sitini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza "Kulikoni?" Kuuliza kungewachelewesha kulia. Kuna mpwa aliyeandika kwamba jungu la pilau la marehemu atalitunza kama kumbukumbu. Jungu lenyewe aliliazima mwaka wa njaa na hajalirudisha mpaka leo.

Mashavu akasoma yote kwa sauti. "Mama, ngoja niwaambie upo hai."

"Acha," akasema Bi Mwantumu. "Nimekuwa hai miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyekuja. Ngoja nione maiti anaheshimiwaje."

Simu ikapigwa, Mashavu hakupokea. Kwa watu wale, simu isiyopokelewa ilikuwa ushahidi wa pili, na wa tatu hawakuuhitaji.

Alhamisi Swalehe alifanya hitima. Alikodi ukumbi, akarusha moja kwa moja mtandaoni. Bi Mwantumu akaisogeza simu mpaka pua ikakaribia kioo. Aliona weupe wa kanzu, sura hakuziona. Alimsikia mwanawe akisema, "Mama nilikuwa namwona kila siku, kwa macho yangu." Kisha akasikia watu wakisifu biriani.

"Kamera ile pale," akasema Bi Mwantumu, akionyesha ukutani. "Akiifungua sasa hivi ananiona nimekaa chini yake nakula muhogo." Akakaa chini ya kamera mpaka alasiri. Hakuna aliyeifungua. Alikuwa ameanza kwa mzaha, na sasa mzaha ulikuwa unamuuma.

Ijumaa ikaja zamu ya redio. Rukia alilia vizuri, nimtendee haki. Alilia kwa vituo. Alisimulia jinsi mama alivyokuwa akimpigia kila alfajiri kumwamsha kwa swala. Uongo mtupu, lakini uongo wenye sauti tamu, na watu wakapiga simu studio kutoka nchi tisa wakilia naye. Halafu akaanza kuimba ule wimbo wa Kirangi aliokuwa akibembelezwa nao utotoni, na hakukosea hata neno. Hapo Bi Mwantumu akalia kweli.

"Basi," akasema. "Imetosha, nisije nikajitia mkosi. Mashavu, waambie nipo hai."

Mashavu akachukua simu. Pale pale akaona ujumbe wa Nasoro, wa kwanza kwa miaka kumi na mmoja: "Niko uwanja wa ndege. Mmeshazika, najua. Nakuja kutia udongo."

Mashavu akautazama ule ujumbe. Akamtazama mama, mtandio umelowa machozi. Akaizima simu. "Nimeshawaambia, mama," akasema.

Jumamosi kabla ya adhuhuri gari la kukodi likasimama nje. Nasoro akashuka na udi na chupa ya marashi ya kumwagia kaburi. Akaingia uani akitafuta wanaume waliokaa matanga. Akamkuta mama yake anachambua mlenda.

"Nani huyo?" akauliza Bi Mwantumu.

Nasoro akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea. Sogea zaidi, mimi sioni." Akamshika mashavu kwa mikono yenye utelezi wa mlenda, akamvuta mpaka paji la uso likagusana na lake. Akaona mvi za kidevuni. Akaona kovu la nyusi, lile la kuanguka mfenesini. Furaha ilimjaa mpaka akaona haya kuwa na furaha kiasi kile, kwa mtoto aliyekuja kumfukia.

Kisha akageuza uso. "Mashavu. Uliwaambia?"

"Sikuwaambia, mama."

Jioni, Nasoro alipokwisha kula, alisema ukweli wake. "Mama, ruhusa niliyopewa kazini ni ya msiba. Nikirudi wanataka cheti cha kifo. Na sikudanganyi. Mngeniandikia mama anaumwa macho, nisingekuja. Ningesema mwakani."

Bi Mwantumu alilala na neno hilo. Jumapili asubuhi akamwita Maalimu Isa, anayewaandikia watu hati pale mtaani, na akataka wale watoto wawili wa mbali wapigiwe simu ya video. Swalehe akatokea kwenye kioo, Rukia akatokea. Walipomwona mama yao anapumua, Swalehe alisema, "Alhamdulillahi," halafu akauliza nani atawaeleza watu waliokuja ukumbini. Nasoro alikaa mkekani na Mashavu alisimama mlangoni.

"Sikilizeni," akasema mama. "Nafumba macho, bado kidogo. Nyumba hii ni yangu, nilijenga kwa kuuza mtama. Naitoa hiba kwa mtu mmoja leo, nikiwa hai na akili zangu. Lakini anayeichukua nyumba ananichukua na mimi niliyemo. Kipofu na choo chake na manung'uniko yake. Semeni."

Swalehe akaanza, ndiye mkubwa. "Mama, kipofu anahitaji macho ya mtu mwingine. Nani alikuwekea macho humu ndani kabla hata hujapofuka? Kamera ile ni mimi. Nipe nyumba, nitafunga nyingine chumbani na jikoni. Hakuna atakayekudhulumu nisimwone."

"Mara ya mwisho uliifungua lini?"

Swalehe akakohoa. "Nilisahau nywila, mama. Tangu mfungo wa mwaka jana. Lakini nimeshaipata."

Rukia akasema, "Mama, kipofu anaishi kwa sauti, na sauti ni mimi. Kila Ijumaa ulikuwa na mimi, Mashavu ni shahidi. Watoto wa Irangi waliozaliwa kwenye theluji wanajua wimbo wako wa kubembeleza kwa sababu yangu. Wengine wamekuletea mikono, mimi nimefanya jina lako lisife."

"Na simu za alfajiri?"

"Hiyo ilikuwa redio, mama. Watu wanataka kusikia kitu." Akainamisha kichwa. "Na mimi nilitaka iwe kweli."

Nasoro akasema, "Mimi sina kamera, sina redio. Nina miguu, nayo imefika. Ni mimi peke yangu uliyeniona kwa macho yako mwenyewe, na sura yangu ndiyo utakayokwenda nayo gizani. Mkataba wangu umebaki miaka miwili, wakinibakiza. Ukiisha narudi kuishi humu."

"Ulimfuata maiti, mwanangu."

"Nilimfuata maiti. Hawa hata maiti hawakumfuata."

Ikabaki zamu ya Mashavu. Yeye hakutaka kusema. Maalimu Isa akamwambia aseme. "Mimi si damu," akasema. "Aliyenileta humu yuko kaburini. Miaka tisa namwogesha mama, na kwenye Damu Moja sijawahi kuandikiwa ahsante, naandikiwa 'piga picha nyingine, hiyo ina giza'. Nilimdanganya mama, ndiyo. Ningewaambia yupo hai, Nasoro angeshuka kwenye ndege. Alitaka sura, nikamletea sura kwa njia niliyokuwa nayo."

Hapo kioo kikawaka moto. "Shemeji, umetufanya tulie bure," akasema Swalehe. "Watu wamefunga safari kutoka miji mitatu kuja ukumbini." Rukia akasema, "Wifi, umenivunjia jina redioni." Nasoro akasema, "Na mimi umeniponza kazi," kisha akaongeza polepole, "lakini bila uongo wake nisingekuwa hapa."

Bi Mwantumu akainua mkono, wakanyamaza. "Mashavu, uongo wako umenipa furaha ambayo ukweli wangu haukunipa. Lakini nikuulize. Kipofu hula anacholishwa na huamini anachoambiwa. Umenidanganya na ningali naona kidogo, ukaniambia 'nimeshawaambia' bila hata kupepesa. Nikishafumba kabisa, nitajuaje lini unasema kweli?"

Mashavu akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Na nyie," mama akawageukia wa kwenye kioo, "nikitaka kwenda chooni, nani atanishika mkono? Kamera au redio?"

Picha ya Swalehe ikaganda, mdomo wazi. Wengine wanasema ni mtandao. Mimi sisemi kitu. Rukia naye alikuwa analia, na safari hii hakulia kwa vituo.

Maalimu Isa alikwishaandika hati yote, mipaka ya kiwanja, mashahidi, tarehe. Palibaki mahali pamoja, pa jina. Akakifungua kidau cha wino, akamshika bibi kidole gumba, akakipaka. "Bi Mwantumu, niandike nani?"

Bi Mwantumu akainamia ile karatasi, karibu kabisa. Mistari hakuiona. Akauliza wino unakauka baada ya muda gani. Maalimu akamwambia si muda mrefu.

Na jina alilolitaja mimi siwaambii, maana nikiwaambia mtalala usingizi mzuri, na usingizi huo hamjaufanyia kazi. Kidole kina wino na karatasi inangoja. Kuna mwana aliyempa jicho na hakulifungua. Kuna binti aliyempa sauti, nusu yake uongo na nusu yake wimbo wa kubembeleza. Kuna aliyekuja kwa miguu yake, lakini alikuja kuzika. Na kuna mkwe aliyekuwapo siku zote, ambaye kipofu hatajua tena lini amwamini. Haya, nyie hodari wa kuandika pole kabla ya kuuliza, andikeni hili: je, nani alistahili?