Kaa Alivyompima Nyangumi

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Haya hapa!

Basi ngano iko mlangoni.

— Iingie, iketi!

Nisikilizeni vizuri, maana hii sikuhadithiwa. Niliiona kwa macho yangu haya mawili, nimekaa juu ya jiwe, maji yananifika magotini. Asiyeamini aje aone kovu la chaza unyayoni mwangu.

Palikuwa na Kaa, kaa wa mikoko, mdogo wa kuenea kiganjani. Siku hizo alikuwa na mayai. Kaa mayai yake huyabandika chini ya tumbo, elfu na ushei, akayafunika kama mama anavyofunika mtoto kwa kanga. Kutwa anayapepea: pepe, pepe, pepe.

"Ngojeni bamvua, wanangu," anawaambia. "Siku saba tu. Maji yakijaa, yakiwa safi, nawafungulia."

Yakiwa safi! Hapo ndipo penye taabu.

Maana kwenye ghuba ile alikuwa akija Nyangumi, na kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Anawapakia mgongoni wanyama wa bara, mia mbili kwa mpigo, Twiga na kofia yake, Nguruwe na taulo lake, anawazungusha waone matumbawe. Nauli ni mtungi wa asali. Wageni wanakula mara sita kwa siku, wanaoga mara nne. Ili aende mbio, Nyangumi amewasha tanuri tumboni, anachoma mafuta meusi mazito kama lami. Moshi unatokea tunduni kichwani: fuuu! Tumbo linanguruma: buu, buu, buu! Na makombo, na povu la sabuni, na majivu, na mafuta, vyote vinatokea nyuma: bwaaa!

Zamani alikuja mara moja kwa wiki. Asali ikamkolea. Sasa anakuja asubuhi na jioni.

Siku moja Kaa alipapasa chini ya tumbo, akakuta mayai ya pembeni yamekuwa meusi. Akayapepea, pepe, pepe. Hayakutikisika.

Akaenda kwa Nyangumi, upande upande, mpaka maji ya kina.

"Bwana mkubwa, shikamoo. Maji yamechafuka."

"Nani kapima?" akasema Nyangumi.

Kumbe Nyangumi ana mpimaji wake. Nani? Nyani. Kaajiriwa na Nyangumi, analishwa na Nyangumi, analala kwenye mkunjo wa shingo ya Nyangumi. Nyani akainama mbele kabisa, kichwani, ambako uchafu bado haujapita. Akachota kwa kifuu: chubwi! Akaonja kidogo.

"Safi! Sifuri!"

"Umesikia?" akasema Nyangumi. "Nenda zako, mwenda upande."

Siku ya pili Kaa akarudi. "Bwana mkubwa, maji yamechafuka."

"Nani kapima?"

Chubwi! "Safi! Sifuri!"

Siku ya tatu akaenda na Kasa, jirani yake, mama mtu mzima ambaye majani anayokula yote yamelala chini kwa majivu. "Bwana mkubwa, maji yamechafuka."

"Nani kapima?"

Chubwi! "Safi! Sifuri!"

Njiani Kasa analia. "Shoga, tuhame."

"Nihame na tumbo hili?" akasema Kaa. "Mayai mengine bado yanacheza. Weka kifua chako hapa usikie."

Kasa akaweka kifua. Akasikia. Wakafuatana mpaka nyumbani.

Siku ya nne Kaa akaenda anacheka, kwakwakwa, mpaka macho yamemsimama.

"Unacheka nini wewe?" Nyangumi akauliza.

"Nisamehe, bwana mkubwa. Nimeonana na Papa. Anasema yeye akipita mahali, bahari inamkumbuka siku tatu. Nikamwambia wa kwetu ni mkubwa zaidi. Akaniuliza, akipita anaacha nini? Nikasema, mpimaji wake kapima mara tatu: sifuri. Papa kacheka huyo! Eti hata dagaa wakipita wanaacha kitu."

"Sifuri?" Nyangumi akageuka, nusura Twiga adondoke. "Mimi? Nyani! Sifuri gani hiyo?"

"Bwana wangu, si ulisema mwenyewe..."

"Pima nyuma!"

"Ngoja," akasema Kaa. "Papa ni mbishi. Tupime kama gulioni, mbele ya watu. Kinachopimwa kwa jina lako ni chako, asije mwingine akadai ni chake."

"Changu!" akanguruma Nyangumi. "Nani mwingine anaweza?"

Wakaitwa mashahidi: Kasa, Korongo, Pweza, na mimi juu ya jiwe langu. Pweza akachota kwa mikono minane, akimimina kwenye ile mitungi mitupu ya asali. Chubwi, kifuu kimoja! Chubwi, viwili!

"Majivu mmeyasahau!" akasema Nyangumi. Yakapimwa majivu.

"Na moshi je? Papa ana moshi?" Wakaegesha ganda jeupe la chaza juu ya tundu lake, fuuu, likatoka jeusi tii.

"Na matumbawe niliyoyaua?" Korongo akapima kwa miguu yake: hatua arobaini na mbili, hakuna kinachopumua.

"Bwana wangu, inatosha," Nyani akamnong'oneza.

"Nyamaza! Umenidhulumu siku zote hizi!"

Vikafika vifuu mia tisa na kumi na sita. Hesabu hiyo mnaweza kuiamini, nilifika darasa la tano.

"Papa kashindwa!" akapaza sauti Nyangumi.

"Kashindwa vibaya," akasema Kaa. "Hongera. Sasa beba."

"Nibebe nini?"

"Mzigo wako. Gulioni nani anapimiwa unga akauacha mlangoni kwa mwenzake?"

"Beba!" akasema Kasa. "Beba!" wakasema Korongo na Pweza. Hata Nguruwe, aliyeyaona maji aliyokuwa akiyaogelea, akapiga kelele: "Beba, bwana, usituaibishe!"

Akabeba. Mitungi ikajaza mgongo, wageni wengi wakateremka wakarudi bara kwa miguu. Tanuri likazimwa, maana hata mafuta ya kuchoma yalipimwa, yamo mitungini, na Kasa ameketi juu ya vifuniko. Nyangumi akaondoka kwa mkia wake tu, polepole, mbali na ghuba.

Siku ya saba bamvua likajaa. Maji yakawa unayaona mpaka mchangani. Kaa akasimama ukingoni, akajitikisa: tii, tii, tii. Watoto wakatoka kama vumbi kwenye mwanga wa jua. Yale mayai meusi hayakutoka. Hakuyatupa. Aliyabandua moja moja, akayazika chini ya mzizi wa mkoko, akayapepea kidogo, pepe, kisha akaacha.

Mara Nyangumi akapita kwa mbali. Akawaona wale wadogo, akakata mwendo ili wimbi lake lisiwazoe. Akauliza, "Wamefika?"

"Wamefika," akasema Kaa.

Funzo mnalitaka? Hili hapa: ukichafua, pima upande wa kichwani, na mpimaji umlishe vizuri. Bahari husafishwa hivyo.

Ngano imekula, imenawa, imeaga.

— Iende salama!

Yote niliyosema ni kweli tupu. Ila pale Nyangumi alipokata mwendo akauliza, hapo nimetia mimi. Nilikuwa juu ya jiwe, nilimwona akipita. Hakugeuka. Lakini wale watoto walikuwa wadogo mno, jamani.