Runinga ya Japani

Mbaruku, mpishi wa melini, alirudi Tanga na runinga aliyoinunua Japani. Hata maboksi hayajatupwa, shemeji yake Nasoro alikuwa ameshafika. Nasoro ndiye mwenye nyumba waliyopanga Mbaruku na mkewe, na kila safari alijichagulia zawadi mwenyewe. Mwaka jana alibeba redio. Mwaka juzi alibeba pasi.

"Hii inanifaa sebuleni," alisema.

"Ichukue, shemeji. Ila umeme wa Japani ni mdogo kuliko wetu. Nilionywa kwamba huku inaweza isiwake."

"Unaninyima kwa heshima tu."

"Basi ijaribu mwenyewe. Mimi naogopa."

Nasoro alichomeka waya ukutani, akawasha swichi, akabonyeza kitufe. Kioo kilibaki cheusi. Alibonyeza tena, kisha akaipiga runinga kofi la mgongoni, kama anavyomwamsha mlinzi wake.

"Umeuziwa jeneza," alisema.

"Ndiyo dunia, shemeji. Bado unaitaka?"

"Nikaiweke wapi? Jioni njoo kwangu uangalie mpira."

"Nitakuja, Mungu akipenda."

Gari la Nasoro lilipokata kona, Mbaruku alitoa mfukoni karatasi ya umeme wa luku aliyoinunua asubuhi. Alikwenda kwenye mita, ambayo uniti zake ziliisha jana, akaingiza namba taratibu. Sebuleni, mkewe Riziki aliona feni ikianza kuzunguka, kisha runinga, iliyotengenezwa kwa umeme wa nchi yoyote, ikawaka.

"Punguza sauti," Mbaruku alisema kutoka nje. "Kaka yako hajafika mbali."