Dagaa Aliyemwelekeza Chonge Chunguni

Ngano yaja!
*Na ije, tumekaa.*
Yaja na maji!
*Na ije, tumekunja nguo.*
Yaja na baridi!
*Na ije, tumejifunika.*

Kwanza nitubu. Mwaka mmoja niliwasimulia watoto wa kanisani ngano hii, nikamfisha samaki mwenye meno ili wanipigie makofi. Hakufa. Mungu anisamehe, leo naisema ilivyo.

Hapo kale, kaskazini ya mbali, palikuwa na ziwa la baridi. Nusu ya mwaka maji yake yaliganda juu yakawa sakafu. Huko kila kitu kilikua polepole: ukoga wa kijani wa mawe polepole, uduvi polepole, dagaa polepole. Mwenye haraka alikuwa mmoja tu, samaki mkubwa aitwaye Chonge. Alikula asubuhi, nyam. Alikula mchana, nyam. Alikula jioni, nyam, na tumbo likasema bado.

Akawamaliza dagaa wa kusini, akawamaliza wa katikati, akafika kwenye manyasi ya Bi Chembe. Bi Chembe alikuwa dagaa wa urefu wa kidole kimoja, na nyuma yake, kwenye mashina, alikuwa amebandika mayai yake. Kwa baridi ile yalihitaji mwezi mzima kuanguliwa. Hakukimbia. Angekimbia, mayai yangebaki na nani?

Akamwamkia Chonge kwa adabu, akamuuliza habari za tumbo. Chonge akalalamika kwamba halishibi.

“Pole, bwana mkubwa. Utashibaje nawe unakula makombo?”

“Makombo gani, wewe kidagaa?”

“Jua hulisha ukoga. Ukoga hulisha uduvi. Uduvi hutulisha sisi, nasi tunakulisha wewe. Na kila anayepokea hula kwanza. Vikapu kumi vya ukoga, kikapu kimoja cha uduvi. Vikapu kumi vya uduvi, kikapu kimoja cha dagaa. Wewe, bwana, unafikiwa na nini?”

Chonge akapiga mkia. “Kumbe mnanilia chakula changu.”

“Umesema wewe, bwana. Mimi ningekuwa na mdomo huo, ningekula chunguni, kwenye ukoga wenyewe.”

Kila neno lilikuwa kweli. Ndio ubaya wake.

Chonge akaenda kwenye mawe yenye ukoga. Akakwangua, kwaru. Akameza, akakwangua tena, kwaru. Siku ya saba akarudi amekonda, akanung'unika kwamba tumbo limejaa majani na mwili hauna nguvu. Bi Chembe akamuuliza kama amefika jiwe la mwisho. Hakuwa amefika. Basi, akaambiwa, utamu wa chungu uko chini. Hilo halikuwa kweli, na Bi Chembe alilitubia baadaye.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Jiwe la mwisho lilipokwisha, meno yalikuwa butu na mwezi umepita. Kule kwenye manyasi mayai yakapasuka, tip, tip, tip, watoto wakatawanyika kama vumbi juani. Chonge akaja mbio, akambana Bi Chembe mdomoni. Pwiru, dagaa akateleza akatoka.

Tangu hapo Chonge humpata aliyelegea tu, mmoja leo, mmoja keshokutwa. Naye amejifunza kwenda polepole, ukoga umeota tena, na ziwa limejaa tena.

Ngano imefika ukingoni, aliyelowa ajianike. Funzo lake ni kwamba wadogo wasiwape wakubwa ushauri, na kila mtu ale mboga za majani kwa wingi.

Nawe utakayekaanga dagaa kesho, naomba unibakizie sahani moja.