Gari la Mbonea na Jina la Mtoto

Sogeeni, nyie mnaopenda kuamua kesi za watu. Hii ilianzia Usangi, juu milimani Upareni, na mpaka leo haijapata wa kuimaliza.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa, mjamzito, na watu watatu waliompenda.

Mumewe, Mbonea, alikuwa na kipawa cha kuona mabaya kabla hayajafika. Mbingu ikiwa bado nyeupe, yeye alishaanua nguo. Baba yake Mbonea, Mzee Senzighe, kipawa chake kilikuwa mkono. Alikuwa dereva wa malori tangu ujana mpaka mvi, na usukani ulimtii. Mdogo wake Nakijwa, Namkunda, yeye alikuwa na sikio. Alifundisha kwaya, na mwimbaji mmoja akiteleza katika kundi zima, Namkunda alimnyooshea kidole bila kugeuka.

Nakijwa hakujiona na kipawa chochote. Alikuwa ameshazika watoto wawili kabla hawajapewa majina, na mimba hii ilimnyima raha. Alifagia palipofagiliwa. Alifungua dirisha, akalifunga, akarudi kulifungua. Akiambiwa akae, alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni anayetaka kuaga.

Sasa, Mbonea alikuwa na gari, alilonunua kwa muuzaji mmoja wa Moshi. Muda wa matengenezo aliopewa pamoja na gari ulikuwa ukingoni, na muuzaji akaanza kupiga simu. Ongezeni mpango, alisema, gari litunzwe miaka miwili mingine. Litakaguliwa, vipuri vibovu vitabadilishwa, na mkikwama njiani mtafuatwa popote. Mkiiacha wiki hii ipite, basi tena.

Mbonea hakuwa na fedha za mpango huo. Alikuwa na mtamba, ambaye baba yake alimpa ili Nakijwa akijifungua apate maziwa.

"Unauza ng'ombe ununue ahadi?" Mzee Senzighe aliuliza. "Gari hutunzwa na anayeliendesha. Nimeshuka milima hii na shehena za ndizi, na sikumlipa mtu anilinde."

"Baba, siku zile hukuwa na mjamzito garini."

"Sikuwa naye? Mama yako nilimpeleka kukuzaa kwa lori!"

Namkunda akacheka. "Shemeji, mimi sina upande. Ila huyo anayekupigia simu, sauti yake inapanda mno akifika kwenye 'popote'."

Mbonea akamgeukia mkewe. "Basi sema wewe. Ukikataa, naacha."

Wote wakamtazama. Nakijwa aliangalia barabara inavyojikunja kuteremka Mwanga, akawakumbuka wale watoto wawili aliowazika. "Nunua," alisema, na papo hapo akatamani kulirudisha neno lake.

Mtamba akaondoka. Gari likapelekwa Moshi, likakaguliwa, likarudi na jibu kwamba ni zima kabisa. Lakini Nakijwa hakutulia. Kila alipopita bandani aliona kamba imelala chini. Baba mkwe wake hakumlaumu, ila aliacha kumtania, na hilo lilimuuma zaidi. Alijiuliza akiosha vyombo, akajiuliza akivipanga: nimekosea? Je, kama hakuna kitakachoharibika? Na je, kama kitaharibika?

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya mvua, kabla ya wakati wake. Mkunga wa zahanati alimpapasa tumbo, akakunja uso. "Mtoto amekaa vibaya. Mpelekeni hospitali kubwa, sasa hivi."

Ufunguo ukamponyoka Mbonea mlangoni mwa gari. Baba yake akauokota, akaingia kwenye usukani. Mbonea akakaa kando yake. Namkunda akapanda nyuma, akamlaza dada yake mapajani.

Walipoanza kuteremka, mvua ilipiga paa la gari mpaka ikabidi watu wapaze sauti. Nakijwa aliuma kitambaa. Hapo Namkunda akainua kichwa.

"Baba, nasikia kitu kinafoka hapo miguuni kwako."

"Ni mvua, mwanangu."

"Siyo mvua. Kinafoka kila ukikanyaga breki. Tafadhali, usiingie kwenye ule mteremko mkali hivi hivi!"

Mzee Senzighe hakuwa mtu wa kubishana na hofu ya mwanamke mwenye mgonjwa mapajani. Akapunguza mwendo, akashusha gia, ili tu kumridhisha. Kisha akakanyaga breki kujaribu. Pedali ikazama mpaka chini, na gari halikushika.

Kushoto palikuwa na bonde, na kulia ukuta wa udongo. Mzee akashusha gia tena, injini ikalia. Akavuta breki ya mkono kidogo, akaiachia, akaivuta tena, matairi yasije yakateleza. Akalisogeza gari kulia polepole mpaka ubavu wake ukaanza kukwaruza udongo, likakwaruza, likakwaruza, likasimama.

Basi wako salama, lakini wamesimama mlimani, na mtoto hasubiri. Mvua ilikuwa imefukuza magari yote. Mbonea, ambaye mikono yake ilikuwa haishiki kitu, sasa akashika simu. Akawapigia watu wa mpango. Gari lao la huduma lilikuwa Mwanga siku ile, likimhudumia mteja mwingine. Akawabana, akawasihi, akawakumbusha lile neno lao la 'popote'. Wakapanda na mvua ile ile. Wakamhamisha Nakijwa, wakateremka naye hadi hospitalini.

Alipasuliwa. Akazaliwa mtoto wa kike, na akalia. Daktari aliwaambia, "Mngekawia kidogo tu, tungekuwa tunasema mengine."

Kesho yake wote watatu walisimama kando ya kitanda. Mzee Senzighe akamtazama mjukuu wake, akasema, "Mtoto huyu apewe jina na aliyemwokoa." Wote wakakubali. Kosa likawa hapo.

"Basi ataitwa Elifuraha," alisema Mbonea, "jina la dada yangu marehemu aliyenilea. Nisingenunua mpango, tungekuwa bado mlimani."

"Mpango wako ndio uliolikagua gari ukasema zima," baba yake akajibu. "Mimi ndiye niliyelisimamisha. Ataitwa Nanzia, jina la mama yangu."

Namkunda alikuwa akilia. "Baba, ulisema ni mvua. Ningenyamaza, ungeingia kwenye mteremko kwa mwendo ule ule. Naomba aitwe Navoneiwa. Dada, mama yetu hakuacha duniani kitu kingine ila jina hilo."

Wote wakamgeukia Nakijwa, kama siku ile ya mtamba. Naye, mshono ukimchoma, alimtazama mume aliyedharauliwa kwa woga wake, mzee aliyepoteza ng'ombe na bado akashika usukani, na mdogo wake aliyeusikia uharibifu ambao mafundi hawakuuona. Jina moja lingewaumiza wawili. Akampakata mtoto upande huu, akamhamishia upande ule.

Muuguzi akaingia. "Muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Haya, mama, mtoto tumwite nani?"

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie apewe yote matatu, maana muuguzi anataka moja la kumwitia. Aliyeona mbele, aliyesikia, au aliyeshika? Au mama mwenyewe, aliyesema "Nunua" na asilale tena? Je, wewe ungeamua vipi?